Nani Atakaa Katika Nyumba? Ufasiri wa Unabii wa Ardhi katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Katika sura ya 65 ya kitabu cha Isaya, watu waliovunjwa na uhamisho wanaahidiwa kwamba watajenga nyumba na wao wenyewe ndio watakaozikaa, watapanda mizabibu na wao wenyewe ndio watakaokula matunda yake. Haitatokea tena mmoja ajenge na mwingine akae, wala mmoja apande na mwingine ale. Tangu karne za mwanzo za Ukristo ahadi hii imesomwa kwa namna mbili kuu. Wapo wanaoshikilia kwamba nyumba ni nyumba na shamba ni shamba. Wapo pia wanaoshikilia kwamba nyumba ni makao ya mbinguni na mzabibu ni neema, na kwamba anayetazamia udongo kutoka kwa nabii ameshika ganda akaiacha kiini.

Mjadala huu aghalabu huachiwa wanateolojia, na mhakiki wa fasihi huupita kama jambo lisilomhusu. Makala haya yanachukua msimamo tofauti. Kuamua iwapo lugha ya unabii ni ya wazi au ya sitiari ni kazi ya usomaji, na kila msomaji husoma akiwa amesimama mahali fulani. Mahali panapochunguzwa hapa ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet, magharibi mwa Kenya. Ni nchi ambako kwa takribani karne moja watu wamekaa katika nyumba zisizo zao na kuchuma majani wasiyoyamiliki, juu ya ardhi ambayo wengine waliondolewa kabla chai haijapandwa. Ni nchi yenye Wakristo wengi, na wakati huohuo ina mapokeo yake yenyewe ya unabii. Hoja itakayojengwa ni kwamba mvutano kati ya usomaji wa kiroho na usomaji wa neno kwa neno hauwezi kuamuliwa kwa kanuni za lugha peke yake. Pana kipimo cha kimaadili ambacho lazima kiandamane nazo: ni nani anayelipa gharama ya fasiri inayotolewa?

Mvutano wa Kale

Mvutano wenyewe ni mkongwe. Katika karne ya 2, Papias wa Hierapolis alisimulia juu ya wakati ambapo kila mzabibu ungetoa matawi elfu kumi, na kila tawi kuzaa kwa kiwango kisichowazika. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliyachukua masimulizi hayo kwa uzito. Katika kitabu cha tano cha maandishi yake dhidi ya wazushi, anaitaja sura hiyohiyo ya 65 ya Isaya na kuwaonya wanaotaka kuigeuza yote kuwa mafumbo. Sababu anayoitoa inastahili kuzingatiwa. Kwake ni haki kwamba waliotaabika katika uumbaji huu wapate thawabu yao katika uumbaji huuhuu. Irenaeus aliandika haya akiongoza kanisa lililokuwa limeshuhudia Wakristo wa Lyon wakiuawa mnamo mwaka 177. Kwake yeye, mbingu ambayo haigusi udongo uliomwagiwa damu ingekuwa malipo yaliyopelekwa kwa anwani isiyo yake.

Karne mbili baadaye sauti zilikuwa zimebadilika. Eusebius wa Kaisaria, aliyeandika historia ya Kanisa wakati dola ya Rumi ilipoanza kulikumbatia, alimwona Papias kuwa mtu wa akili ndogo. Augustino naye, katika kazi yake juu ya Mji wa Mungu, aliifasiri miaka elfu ya kitabu cha Ufunuo kuwa ni wakati wa Kanisa lenyewe, na fasiri hiyo ikatawala kwa karne nyingi. Mtu anaweza kushawishika kutoa kanuni nyepesi hapa, kwamba wanaoteswa husoma neno kwa neno na wanaostarehe husoma kiroho.

Kanuni hiyo haisimami, kwa sababu yupo Origen. Hakuna aliyeusukuma mbele usomaji wa kiroho kuliko mwalimu huyu wa Aleksandria. Hata hivyo, baba yake aliuawa kwa ajili ya imani, na yeye mwenyewe aliteswa gerezani wakati wa mateso ya Decius katikati ya karne ya 3. Origen aliposema kwamba ahadi za Mungu zinapita chakula na majumba, hakuwa akilinda jumba lolote lake. Ni afadhali basi kuuliza juu ya msomaji mmojammoja, yaani fasiri yake inamdai nini yeye na inamdai nini mwenziwe. Swali hili litarudi.

Matini Yenyewe

Kabla ya kumhukumu msomaji ni sharti matini isikilizwe. Isaya 65 haiungi mkono kwa ukamilifu upande wowote. Anayetaka kuisoma sura yote kama picha ya mbinguni hukwama katika aya ya 20, ambapo imesemwa kwamba afaye akiwa na miaka mia atahesabiwa kuwa amekufa kijana. Mbingu gani hiyo ambayo watu wanazeeka na kufa ndani yake? Kwa upande mwingine, anayetaka kila neno lishike maana yake ya wazi hukwama katika aya ya 25, ambapo simba anakula majani makavu kama ng'ombe. Matini inachanganya tamathali na kauli za wazi, jambo ambalo ni desturi ya ushairi wa kinabii.

Ahadi ya nyumba na mizabibu ina historia yake ndani ya Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati 28:30 imo laana ya kujenga nyumba na kutoikaa, kupanda mzabibu na kutotumia matunda yake. Amosi 5:11 na Sefania 1:13 wanairudia. Ni fomula, na Isaya 65 inaipindua. Laana hiyo haikuwa fumbo. Waliofukuzwa Yuda waliziacha nyumba halisi, na watu halisi waliziingia. Ahadi inayoipindua laana ya namna hiyo haiwezi kuwa hewa tupu bila kuifanya laana yenyewe kuwa hewa. Hili halizuii ahadi kupanuka hadi kugusa mambo yapitayo udongo, lakini linazuia udongo kuachwa nje. Mapokeo ya ufasiri yenyewe yanalikubali jambo hili: Thomas Aquinas, aliyezitambua maana za kiroho, alisisitiza kwamba zote zimejengwa juu ya maana ya wazi.

Lugha ya Kiswahili inaleta ushahidi wake pia. Katika Biblia ya Kiswahili iliyoenea Afrika Mashariki tangu mwaka 1952, wapole wa Zaburi 37:11 na wa Mathayo 5:5 wanaahidiwa nchi. Neno nchi katika Kiswahili hubeba ardhi, eneo la watu na dola kwa pamoja, kama vile emet inavyobeba nchi na makao kwa msemaji wa Kikalenjin. Mhubiri anayesoma aya hiyo mbele ya watu wa Kericho anatamka neno ambalo haliwezi kuvuliwa udongo kwa urahisi.

Nchi ya Chai

Udongo wa Kericho na Bomet una kumbukumbu zake. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilipeleka msafara wa kijeshi dhidi ya watu wa Sotik, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Bomet. Mwaka huohuo mmisionari Mmarekani Willis Hotchkiss alianza kazi miongoni mwa Wakipsigis, ambao wakoloni waliwaita Walumbwa. Injili na bunduki ziliingia kwa njia tofauti na kwa nia tofauti, lakini aliyezipokea alikuwa mtu mmoja na msimu ulikuwa mmoja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi uwezo wa kupata mikataba ya miaka 999. Mwaka 1919 ekari zipatazo 25,000 za Kericho zilitengewa maofisa wa Kiingereza walioumia katika Vita Vikuu ili walime kitani. Mradi ulianguka, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikapita mikononi mwa makampuni ya chai, yaani Brooke Bond na kampuni iliyokuwa chini ya James Finlay.

Umiliki umebadilika mara kadhaa tangu hapo. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Unilever nayo ikauza biashara yake ya chai mwaka 2022. Mashamba ya Finlay yaliuzwa kwa kampuni ya Sri Lanka mwaka 2023. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipunguza muda wa mikataba ya wasio raia hadi usiozidi miaka 99. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi uliokubali malalamiko ya watu wa Kericho na Bomet juu ya dhuluma za kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu walieleza wasiwasi wao juu ya suala hilohilo, na mwaka 2022 wawakilishi wa waliodhulumiwa walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Katikati ya historia hiyo anaishi mchumaji. Anachuma majani mawili na chipukizi, analala katika nyumba ya kampuni, na kazi inapokwisha nyumba nayo inakwisha. Ni kweli kwamba kando ya mashamba makubwa wapo wakulima wadogo, hasa tangu miaka ya 1960, wanaopanda chai yao na kuipeleka katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Hao wamezionja aya za Isaya kwa sehemu, ijapokuwa bei ya jasho lao huamuliwa katika mnada wa Mombasa. Lakini kwa mchumaji wa shamba kubwa, na kwa mjukuu wa aliyefukuzwa, laana ya Kumbukumbu la Torati ni maelezo ya hali yake. Anapoambiwa kanisani kwamba nyumba iliyoahidiwa iko mbinguni, hafasiriwi kifungu kimoja tu. Anaambiwa pia, apende asipende, ni kipi asichopaswa kukidai.

Nyoka wa Chuma na Sheria ya 1934

Nchi hii haikuufahamu unabii kwa mara ya kwanza kupitia Biblia. Ukoo wa Talai, miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis, ulitoa viongozi wa kiroho walioitwa orkoiik, ambao serikali ya kikoloni iliwaita malaiboni. Mapokeo yanamtaja Kimnyole arap Turukat, aliyeuawa na watu wake mwenyewe yapata mwaka 1890, kuwa ndiye aliyetabiri kuja kwa nyoka atoaye moto na moshi, ambaye angeikata nchi hadi aikute ziwa la magharibi na kunywa maji yake. Reli ilifika ukingo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kuipinga, aliuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Mwana mwingine, Kipchomber arap Koilegen, aliishi miongoni mwa Wakipsigis na kuwa kiongozi wao wa kiroho.

Mhakiki makini atakumbuka kwamba masimulizi ya namna hii huandikwa baada ya tukio, na kwamba Wagikuyu wana simulizi linalokaribiana nalo juu ya Mugo wa Kibiro. Hata hivyo, linalohusika hapa ni namna simulizi linavyofundisha kusoma. Nyoka ni sitiari. Hakuna mzee wa Kipsigis aliyedhani kwamba mnyama mwenye magamba angetambaa kutoka pwani. Lakini utimizo wa sitiari hiyo ulikuwa chuma, makaa ya mawe na ardhi iliyopotea. Wasikilizaji wa utabiri wa Kimnyole walijua tangu zamani jambo ambalo mjadala wa Kikristo husahau mara kwa mara: lugha kuwa ya mafumbo hakufanyi jambo linalosemwa kuwa la kiroho. Fumbo ni njia ya kusema. Haliamui kitu kinachosemwa kiko wapi.

Serikali ya kikoloni ililielewa hilo vizuri kuliko ilivyokiri. Mwaka 1934 ilipitisha sheria ya kuwaondoa malaiboni, na katika miaka iliyofuata Watalai wapatao 700, wanawake kwa watoto, walihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mbali na watu wao. Walirejeshwa karibu na wakati wa uhuru, na familia nyingi hazikupata ardhi ya kutosha kujenga maisha. Hapa pana kinaya kinachostahili kutajwa waziwazi. Dola iliusoma unabii wa Talai neno kwa neno, kiasi cha kuutungia sheria na kuuhamisha kwa nguvu. Chini ya dola hiyohiyo, unabii wa Isaya juu ya nyumba na mashamba uliweza kuhubiriwa kila Jumapili bila kumtia hofu mwenye hati ya shamba. Sababu haikuwa kwamba Isaya anasema kwa upole zaidi kuliko orkoiyot. Isaya alikuwa amekwisha kufasiriwa.

Hoja ya Mbiti

John Mbiti, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1971 juu ya mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mambo ya mwisho, alichunguza jinsi Wakristo wa Ukambani walivyoyapokea mahubiri ya misheni ya Africa Inland. Aliona kwamba taswira za moto, mji, na karamu zilichukuliwa kama vitu vya kushikika. Mbiti aliihusisha hali hiyo na ufahamu wa wakati: kwake, mawazo ya jadi ya Kiafrika yana wakati uliopita mrefu na wakati ujao mfupi mno, hivyo tumaini la mbali linapohubiriwa husikika kama jambo la kesho asubuhi. Aliwalaumu pia wamisionari kwa kuhubiri taswira bila kuzifumbua.

Hoja hii ina uzito, na sehemu yake ya pili haijapoteza ukweli. Nchini Kenya miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kuanzia mwaka 2023, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Msomaji asiyefundishwa kupambanua taswira anaweza kuuawa nayo. Ni vema kuzingatia, hata hivyo, kwamba fundisho la namna hiyo ni la neno kwa neno kuhusu mwisho wa dunia, na la kiroho kupita kiasi kuhusu mwili wa mtoto anayelia njaa. Njia mbili za kusoma zinaweza kukaa katika fundisho moja, na zikaua kwa pamoja.

Sehemu ya kwanza ya hoja ya Mbiti imepingwa na wanafalsafa wa Kiafrika, akiwemo Kwame Gyekye kwa upande wa Waakani. Mfano wa Kericho unaongeza pingamizi la namna nyingine. Mjukuu wa aliyefukuzwa anaposoma nyumba kuwa nyumba, hakuna haja ya kutafuta kasoro katika ufahamu wake wa wakati. Babu yake alikuwa na nyumba. Hakuipoteza kwa njia ya sitiari. Usomaji wake ni ule wa Irenaeus, nao unatokana na sababu ileile, yaani haki kurudi mahali ilipovunjwa.

"Wao" ni Nani?

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa na kuupa ushindi usomaji wa neno kwa neno. Historia ya nchi hii hairuhusu. Mashamba ya chai yaliajiri watu kutoka Kisii, Nyanza, na nchi ya Waluhya, na watoto wao wakazaliwa katika nyumba za kampuni. Katika mapigano ya kikabila yaliyoanza mwaka 1991 na kuenea hadi Kericho, na tena katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wa majirani hao walivamiwa na kufukuzwa. Baadhi ya wafanyakazi wa mashamba waliopatwa na ghasia za 2007 walikwenda hadi mahakama za London kuishtaki Unilever, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikaikataa kesi yao. Lugha iliyozunguka vurugu za namna hiyo ilikuwa ya urithi, ya wenyeji na wageni, ya nchi iliyotolewa kwa watu fulani. Ahadi ya ardhi ikishikwa neno kwa neno na mkono uliokunjwa ngumi, huweza kumfukuza aliyejenga na aliyepanda, yaani kuirudisha ileile laana ambayo Isaya aliipindua.

Hapa uhakiki una mchango usioweza kupuuzwa. Tatizo halimo katika neno nyumba, limo katika kiwakilishi. "Wao" watakaokaa ni nani? Kisarufi, Isaya 65 inawataja watumishi na wateule, lakini ahadi yenyewe imejengwa juu ya kazi: aliyejenga ndiye akae, aliyepanda ndiye ale. Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, iliiita nchi yake ya haki kwa sentensi nzima iliyobanwa kuwa jina: wale ni sisi. Jina hilo linafaa kuwa kiambatisho cha kila usomaji wa ahadi hii. Mkipsigis aliyefukuzwa na Mkisii aliyechuma chai miaka thelathini wanadai kwa sababu mbili tofauti, na zote mbili zimo ndani ya aya moja. Aliyepanda wa kwanza alinyang'anywa. Aliyepanda wa pili hakulishwa. Nabii hakuwapa ruhusa wapigane. Aliwapa sababu ya kumtazama pamoja yule anayekaa na kula.

Usomaji wa neno kwa neno una udhaifu mwingine, ulioletwa na misheni zenyewe. Fundisho la vipindi lililoenezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19, na kusambazwa na Biblia ya Scofield tangu mwaka 1909, lilishikilia kwamba ahadi za ardhi kwa Israeli zitatimia neno kwa neno. Fundisho hili lilikuwa na nguvu katika misheni nyingi za kiinjilisti zilizofika Afrika Mashariki. Msikilizaji wa Kiafrika aliyefundishwa hivyo alijikuta katika hali ya ajabu. Ahadi ya ardhi ilikuwa ya kweli kabisa kwa taifa la mbali, na ya kiroho kabisa kwake yeye aliyepiga magoti. Fasiri inayobadilisha kanuni yake kulingana na uso wa msikilizaji imekwisha kuacha kuwa kanuni.

Yakobo, Amosi na Chungu cha Yeremia

Je, usomaji wa kiroho hauna haki yoyote, basi? Unayo, na mfano wake bora umo katika Agano Jipya lenyewe. Katika Matendo 15, mtaguso wa Yerusalemu unajadili iwapo watu wa mataifa wapokewe bila kutahiriwa. Yakobo anasimama na kutaja unabii wa Amosi 9 juu ya kusimamishwa upya kwa hema la Daudi. Katika matini ya Kiebrania, unabii huo unasema kwamba Israeli watamiliki mabaki ya Edomu. Katika tafsiri ya Kigiriki inayofuatwa na Matendo, Edomu amekuwa mwanadamu, kwa kuwa konsonanti za maneno hayo mawili hufanana, na kumiliki kumekuwa kutafuta. Ahadi ya kuitawala nchi ya jirani imegeuka kuwa mlango uliofunguliwa kwa jirani.

Huo ni usomaji wa kiroho kwa kila kipimo. Lakini zingatia anayeutoa. Yakobo ni Myahudi wa Yerusalemu, mrithi halali wa ahadi ya zamani. Anapoifasiri kiroho, anayepoteza ni yeye na watu wake; anayefaidi ni mgeni. Ndivyo ilivyokuwa kwa Origen pia, ambaye hakuwa na jumba la kulinda. Kutokana na mifano hii kipimo kilichotajwa mwanzoni kinapata umbo: mtu ana haki ya kuifasiri kiroho ahadi aliyoahidiwa yeye, wala hana haki ya kuifasiri kiroho deni analodaiwa. Mwenye shamba akimwambia mchumaji kwamba nyumba ya kweli iko mbinguni, anajisamehe mwenyewe kwa kinywa cha nabii. Mchumaji akisema maneno hayohayo kwa hiari yake, huku akimgawia jirani wa kabila jingine nusu ya kiwanja chake, anasema jambo kubwa. Maneno ni yaleyale, na kitendo kinachofanywa kwayo ni tofauti.

Huenda ikapingwa kwamba kipimo hiki kinaifanya kweli kutegemea msemaji. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kutenganisha mambo mawili. Maana inayoruhusiwa na matini haibadiliki kwa kubadilika msemaji. Ilionyeshwa kwamba Isaya 65 inaubeba udongo na jambo lipitalo udongo kwa pamoja. Kinachobadilika ni haki ya kuchagua upande mmoja na kuunyamazia mwingine. Kuchagua ni tendo, na kila tendo lina mwenyewe na mwenye kuathirika.

Yeremia 32 inaonyesha jinsi pande mbili zinavyoweza kushikwa bila kuachana. Majeshi ya Babeli yameuzingira mji, naye nabii ananunua shamba huko Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha. Anapima fedha, anaandika hati, anaita mashahidi, kisha anamwagiza Baruku azitie hati katika chungu cha udongo zidumu siku nyingi. Tendo hilo ni ishara, maana shamba lenyewe liko karibu kuangukia mikononi mwa adui. Ni hati halisi pia, yenye bei na mashahidi. Yeremia hakuona haja ya kuchagua. Katika nchi ambako mkataba wa karatasi uliahidiwa miaka 999, msomaji wa Kericho anaielewa nguvu ya hati iliyohifadhiwa chunguni pengine kuliko wafafanuzi wengi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba lugha ya mafumbo haiondoi uhalisi wa jambo linalosemwa, kama nyoka wa Kimnyole anavyothibitisha. Kwamba usomaji wa neno kwa neno unaweza kuwa kilio cha haki au silaha ya kumfukuza jirani. Na kwamba usomaji wa kiroho unaweza kuwa ukarimu wa mrithi au maficho ya mdaiwa. Kwa hiyo kuuliza tu iwapo unabii ni wa kiroho au wa wazi ni kuuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni: fasiri hii inamgharimu nani?

Kwa makanisa ya Kericho na Bomet, jambo hili haliishii darasani. Mhubiri atakayeifungua Isaya 65 mbele ya mzee wa Talai asiye na kiwanja, mchumaji anayehofia mashine ya kuchuma chai, na mkulima mdogo anayesubiri bonasi yake, ana wajibu wa kuisoma aya ya 20 pamoja na aya ya 25, na ya 21 pamoja na ya 22. Ana ruhusa ya kuwaambia kwamba iko nyumba isiyojengwa kwa mikono. Lakini asiitaje hiyo kabla hajaitaja ile iliyojengwa kwa mikono yao, na kabla hajauliza, kwa sauti inayosikika hadi nje ya kanisa, ni nani anayeikaa.